Moyo usipokuwepo katika sala: Wayahudi wanafundisha nini?

Muulizaji (Kirumba, Mwanza):
Ndugu zangu, nauza dagaa hapa Mwaloni, na kila alfajiri midomo yangu husali huku macho yakihesabu magunia yanayoshushwa kutoka Ukerewe, jambo linaloniumiza sana. Wayahudi husali mara tatu kwa siku kwa maneno yaliyokwisha kupangwa. Je, kwao sala isiyo na moyo huhesabiwa?

Jibu (Nyegezi):
Dada yangu, Maimonides, rabi na mwanazuoni mkubwa wa sheria ya Kiyahudi aliyefariki mwaka 1204, aliandika waziwazi kwamba sala isiyo na nia si sala, na kwamba mwenye mawazo yaliyotawanyika asubiri mpaka atulie. Mishna, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, nayo inawataja wacha Mungu wa kale waliokaa kimya saa nzima kabla ya kusali. Hata leo, wanapotamka mstari wa kwanza wa Shema, ungamo lao la imani kwa Mungu mmoja, wengi hufunika macho kwa mkono wa kulia.

Jibu (Sengerema):
Ni kweli, lakini marabi waliofuata walitambua udhaifu wetu, wakafundisha kwamba asiyeweza kuzingatia Amida yote (sala yao kuu, yenye mfululizo wa baraka) aizingatie walau baraka yake ya kwanza, na hilo, kwa maoni yangu, ni huruma kubwa. Usiache sala ya alfajiri, dada; ianze kabla mitumbwi haijatia nanga.