Saber na conocer zinanivuruga, na sasa pilau inajua msumari

mpanda_karafuu
Wadau nisaidieni, mi naongoza wageni huku Unguja na wa Hispania hawakosi, nimejifunza Kihispania kidogo kwa simu, nikashika kwamba saber ndo kujua, basi. Juzi namwambia mama mmoja "sé tu marido", nikidhani nasema namjua mumeo, maana mumewe nilishamtembeza mwaka jana, mama kacheka mpaka kakaa chini. Tukaenda Kizimbani kwenye viungo, mchana akaonja pilau akasema "sabe a clavo". Nafungua kamusi, clavo ni msumari!! Pilau inajua msumari??

bi_sarufi
😂😂 Clavo ni msumari na ni karafuu pia, we itazame vizuri karafuu kavu, ina kichwa na kijiti, si msumari huo? Na saber ikifuatwa na "a" ni kuwa na ladha ya kitu, alikwambia tu pilau ina ladha ya karafuu. Kilatini neno lenyewe lilikuwa sapere, kuonja, kujua kulikuja humohumo.
Ya mume sasa: saber ni ya habari au ufundi, mtu unayefahamiana naye ni conocer, "conozco a tu marido", na hiyo "a" usiisahau kwa mtu. Mji hauitaki, "conozco Madrid", yaani umeshafika.

mzee_wa_kamusi
Naongezea, sisi Waswahili hapa tuna nafuu, najua kuogelea ni "sé nadar" hivyohivyo, waliopitia Kiingereza, wenye "know how to swim" yao, ndo wanachomeka "cómo" ("how") katikati. Na sé iandike na alama yake juu, se bila alama ni neno jingine kabisa.

mpanda_karafuu
Shukran sana. Na "lo supe ayer" je? Nimeisikia kwenye gari

bi_sarufi
Jana ndo nimejua, yaani habari ilimfikia jana. Nilikuwa najua siku zote ni "lo sabía". Conocer nayo hivyohivyo, "lo conocía" nilikuwa namjua, "lo conocí" ndo siku mliyofahamiana.

mpanda_karafuu
Kwa hiyo nikisema "conocí a tu marido el año pasado" nimepatia?

mzee_wa_kamusi
Umepatia. Ila subiri mama amalize kula kwanza, na akitaja comino usitoke mbio kwenye kamusi, ni uzile