Mrejesho: Malipo ya kuchimba msingi kupita kina cha mkataba

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kama mkandarasi anaweza kulipwa kazi ya ziada iliyoagizwa kwa mdomo, baada ya mhandisi kututaka tuchimbe msingi hadi mita 2.7 badala ya mita 1.5 iliyomo kwenye BOQ (orodha ya kazi, vipimo na bei zake). Nawashukuru kwa dhati mlionielekeza kwenye kifungu cha 3.3 cha mkataba wetu, unaofuata mkataba wa mfano wa FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri) toleo la mwaka 1999, kwa kuwa barua tuliyoandika siku iliyofuata kuthibitisha agizo lile, ambayo mhandisi hakuijibu ndani ya siku 2 za kazi, ndiyo iliyohesabika kuwa agizo la maandishi.

Ubishi mkubwa ulikuwa kwenye bei. Mkadiriaji majenzi wa upande wa mwenye mradi alishikilia bei ya BOQ, ilhali chini ya mita 2 maji yalijaa shimoni kila asubuhi na kingo zikaporomoka. Tulimwekea mezani daftari la saiti lenye saa za pampu, mafuta na idadi ya vibarua, kila ukurasa ukiwa na saini ya msimamizi wao. Bei mpya ikajengwa juu ya ile ya zamani, ikiongezewa gharama hizo na faida ya kiasi. Hati ya malipo imetoka juzi. Dai la siku za nyongeza bado linajadiliwa.