Ndoa msikitini baada ya Isha, flashi hairuhusiwi: 50mm f/1.8 au 24mm f/2.8?

MwanaMalindi (mwanzisha mada)

Assalaam alaykum wakuu. Kaka yangu anaoa wiki tatu zijazo hapa Unguja, ndoa inasomwa msikitini baada ya Isha, na kazi ya picha nimepewa mimi. Imamu amekubali kamera, ila flashi hataki, na mimi naona ana haki. Tatizo ni kwamba picha zangu za ndani zinatoka na ukungu, uso wa mtu kama umepanguswa kwa kidole. Nina laki tatu na nusu. Nimeona lenzi mbili, 50mm f/1.8 (inavuta karibu, na f ikiwa ndogo tundu la mwanga ni kubwa) na 24mm f/2.8 (inaona pana zaidi). Ipi nichukue?

FundiPicha_Moro

Wa alaykum salaam mkuu. Kamera gani? Sasa hivi unatumia lenzi gani? Utakaa umbali gani na bwana harusi? Na hizo picha zenye ukungu ulipiga kwa shata (muda wa kupokea mwanga) ngapi? Bila hayo tutakuwa tunampa dawa mgonjwa hatujamuona.

BintiTanga

Chukua 50mm f/1.8 ulale usingizi. Mimi ninayo mwaka wa nne, napiga kipaimara, ubatizo, maulidi, kila kitu cha ndani, na flashi yangu ipo kabatini. Lenzi inayokuja na kamera ukiivuta hadi 55mm inafunguka f/5.6 tu. Hii inafunguka f/1.8, maana yake mwanga unaoingia ni karibu mara kumi. Hakuna kitu kingine kwa bei hiyo kitakachokupa mara kumi.

MwanaMalindi

Samahani, nimeeleza nusunusu. Kamera ni Canon 700D, lenzi ni ile ya 18-55 iliyokuja nayo. Msikiti wetu mdogo, nitakuwa kama mita tatu kutoka kwa bwana harusi na baba wa bibi harusi, nyuma yangu ukuta. Hivi sasa nimefungua picha moja ya arusi ya mwezi uliopita, inasema 1/15 ya sekunde, f/5.6, ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) 1600.

FundiPicha_Moro

Ahsante, hapo ugonjwa umejionyesha wenyewe. Kwa 1/15 hata ukishikilia kamera kama mwamba, binadamu anayeongea hatulii. Midomo inacheza, mkono unapanda, kichwa kinageuka. Kituliza mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi kinasaidia mkono wako wewe tu, hakimzuii bwana harusi kupumua. Kwa watu waliokaa wanaongea mimi siendi chini ya 1/100, na nikiweza 1/125.

Sasa dada BintiTanga hesabu yake ya mwanga ni sahihi, ila ameacha hesabu ya upana. Sensa (sehemu inayonasa picha) ya 700D ni ndogo, upana wake ni milimita 22 na kidogo. Ukiwa mita tatu na 50mm, fremu inameza kama mita 1.3 tu kwa upana. Bwana harusi na mkwe wake wamekaa wanatazamana, kadhi yuko kati, mashahidi pembeni: utamkata nani? Kwa 24mm umbali huohuo unapata kama mita 2.8. Na wewe ukuta uko mgongoni, huwezi kurudi nyuma.

BintiTanga

Basi apige nyuso na mikono. Picha ya ndoa ni ile mikono miwili imeshikana na lile jicho la baba anapotamka. Zulia na nguzo za nini?

FundiPicha_Moro

Dada, mama wa bwana harusi hayumo mle ndani. Picha ndiyo itamwambia nani alikuwepo. Atataka kuwaona wajomba wote.

Kibokoni_Msa

Sikizeni, mie hapa Mombasa nimepiga nikaha mbili kwa simu na watu wameridhika. Simu za siku hizi zina kile kipengele cha usiku, picha yatoka kama mchana.

FundiPicha_Moro

Kaka, simu inafanya hivyo kwa kupiga picha nyingi mfululizo na kuzichanganya. Kitu kilichosimama, kwa mfano mihrabu, kinatoka safi kabisa. Mtu akisogeza mkono hapo katikati unaweza kupata vidole sita. Ukizikuza hizo picha utaniambia.

Kibokoni_Msa

Mie sijaona vidole sita. Lakini kweli, sijazichapisha kubwa.

MzeeNegatifu

Vijana, nawasoma tangu asubuhi. Miaka hiyo tulipiga makanisani kwa filamu ya Tri-X ya 400, tukaisukuma hadi 1600 chumba cha giza, chenga (vidoadoa kwenye picha) kama mchanga, na hizo picha zimetundikwa kwenye sebule za watu mpaka leo. Ushauri wangu: tafuta Helios 44 ya 58mm f/2 ya Kirusi, zile zilizokuja na kamera za Zenit. Kwa kipete cha kuunganishia inakaa kwenye Canon yako vizuri. Unafokasi kwa mkono, na mkono ukishazoea haukosei. Pesa itabaki ya kununua suti.

BintiTanga

Shikamoo mzee. Nakuheshimu, lakini 58mm ni nyembamba kuliko hiyo 50mm yangu iliyokataliwa. Halafu kufokasi kwa mkono kwenye kile kitundu cha kuchungulia cha 700D, usiku, mtu anatikisa kichwa? Kwa f/1.8 ukiwa mita mbili, sehemu inayotoka safi ni kama sentimita 11 mbele na nyuma ukijumlisha. Jicho likiwa safi, sikio limeshaondoka. Na kwa f/2 hali ni hiyohiyo.

MzeeNegatifu

Marahaba binti. Ndiyo maana nikasema mkono uzoee.

Mpwapwa_D3200

Nisikilizeni kwenye hili la kununua lenzi ya mkononi, kwa sababu liliniumiza. Mimi natumia Nikon D3200. Binti wa shangazi alikuwa na send-off Dodoma, ukumbi wa taa za njano, nikasema nichukue 50mm. Nikaenda duka moja, sitalitaja, jamaa akanitolea 50mm f/1.8D iliyotumika, kioo safi, bei nzuri. Akaifunga kwenye kamera yake ya hapo dukani, akabonyeza, ikafokasi tik, tik. Nikalipa.

Nimefika nyumbani saa kumi na moja jioni, shughuli saa moja. Naifunga kwenye D3200, nabonyeza, kimya. Pete haizunguki. Nikafuta pini kwa shati, nikazima, nikawasha, kimya. Kumbe lenzi zile za D hazina mota, zinasukumwa na mota iliyomo kwenye kamera, na D3200 haina hiyo mota. Kamera ya dukani ilikuwa nayo. Muuzaji alijua nina kamera gani, niliiweka mezani mbele yake.

Usiku ule nilizungusha kwa mkono. Picha mia mbili na kitu, zilizofaa hazikufika arobaini. Shangazi alilia alipokuwa anamkabidhi binti, nikabonyeza, na picha ninayo mpaka leo: maikrofoni ya MC nyuma yake unaweza kusoma maandishi, na uso wa shangazi ni ukungu. Kesho yake nikarudi dukani, nikaambiwa bidhaa ikishatoka hairudi. Aliyeumia ni shangazi, kwa sababu dakika ile hairudiwi.

Kwa hiyo MwanaMalindi, nenda na kamera YAKO, funga lenzi, piga humo dukani pembeni pasipo na mwanga, kuza picha kwenye skrini uangalie kope.

FundiPicha_Moro

Pole sana ndugu. Kwa Canon hilo halitampata, lenzi za EF za otomatiki zote mota iko ndani ya lenzi. Lakini la kwenda na kamera yako ni la lazima.

Narudi kwa MwanaMalindi. Kabla hujatoa hela: ile picha yako uliivuta mpaka 55mm, ndiyo maana f/5.6. Lenzi hiyohiyo ukiirudisha 18mm inafunguka f/3.5. Hapo umeshapata mwanga mara mbili na nusu. Peleka ISO 6400, mara nne nyingine. Ile 1/15 yako inakuwa kama 1/160 na hujanunua kitu. Halafu 24mm f/2.8 unayoitamani, ukiilinganisha na lenzi yako kwenye 24mm, inakuzidi mara mbili tu. Fikiria kama mara mbili ni laki tatu.

MwanaMalindi

ISO 6400 si itajaa chenga?

FundiPicha_Moro

Itakuwa na chenga, na piga RAW (faili ghafi la kamera) uzipunguze baadaye kwenye kompyuta. Picha yenye chenga mtu anajitambua. Yenye ukungu haina dawa.

Nyangumi_Kigamboni

Jambo ambalo hamjamwambia: taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo tyubu na LED za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni lakini kamera inaona. Ukipanda 1/250 unaweza kupata mistari ya njano au nusu ya picha imekuwa giza. Kaa kwenye 1/100 au 1/50. Canon za baadaye kama 80D zina kipengele cha kusubiri mpepeso, 700D haina.

Na kanzu nyeupe. Kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga ni mwingi, inafanya picha kuwa giza, nyuso zinazama. Panda +1 kwenye kirekebisha mwanga cha kamera.

MwanaMalindi

Wakuu, nimerudi na majibu. Jana baada ya Isha nimeomba ruhusa, nikamkalisha binamu yangu mbele ya mihrabu na kofia yake ya kiua. 18mm, f/3.5, ISO 6400, 1/100. Nimekaa chini, kiwiko juu ya goti, nikapiga tatutatu kwa mfululizo, ile ya katikati ndiyo inatoka tulivu zaidi. Wallahi vitundu vya kofia nimevihesabu. Chenga zipo kwenye ukuta, usoni si nyingi.

Kwa 1/250 mistari ya njano imetokea kwenye dari kama alivyosema Nyangumi. Na kanzu mwanzo ilitoka rangi ya majivu, nilipopanda +1 ikaja sawa, ila shata ikashuka 1/50, mkono wa binamu ukafifia. Muadhini akaniambia kuna safu moja ya taa upande wa mihrabu hawaiwashi siku za kawaida. Tumeiwasha, nikarudi 1/100.

Kilichobaki ni mikono. Kwa 18mm mikono inatoka midogo, na nikisogea nitakuwa nimekaa mapajani kwa kadhi.

BintiTanga

Hapo sasa! Mikono ni 50mm.

FundiPicha_Moro

Au kata hiyo picha ya 18mm kwenye kompyuta. Una pikseli milioni 18.

BintiTanga

Ukate picha ya ISO 6400 ubaki na robo? Chenga zitakuwa kubwa kama punje za mchele.

MzeeNegatifu

Kijana, mwombe kadhi akuambie lini hasa wanashikana mikono. Usibadilishe lenzi wakati ule, utakosa vyote.

MwanaMalindi

Nimekuelewa mzee. Kuna jirani ana Canon ya pili, huenda nikaazima nishike mbili. Dada BintiTanga, hiyo 50mm yako ni ile ya zamani yenye kishikio (pale inapofungwa kwenye kamera) cha plastiki au ni STM, ile mpya zaidi? Na unaweza kuiazimisha kwa wiki moja?

BintiTanga

Ni STM, kishikio cha chuma. Njoo inboksi tuongee, Jumamosi ile nina ubatizo asubuhi.

Kibokoni_Msa

Na mwanga ukikatika je? Msikiti una jenereta?