Huyu Robert Weale wa Wales ni mtu mmoja au baba na mtoto?

Mkinga_Mafinga: Wakuu poleni na baridi. Juzi nasafisha stoo ya babu, enzi hizo alikuwa anakata nyasi kwenye klabu ya wazungu wa chai huku Mufindi, nikakuta tufe jeusi la mti zito balaa, nikaliviringisha sebuleni likaenda freshi kabisa halafu mwishoni likakata kona lenyewe mpaka kwenye mguu wa kochi. Nikajua limeharibika, babu kacheka mpaka kakohoa, eti ndo lilivyo. Nikagugo huo mchezo, kumbe unaitwa bowls, wa kuviringisha matufe kwenye nyasi, nakutana na bingwa wake Robert Weale, dhahabu Jumuiya ya Madola 1986, dhahabu tena 2010. Miaka 24?? Imekaaje hii

Kona_ya_Uyole: Ni mtu mmoja mkuu. Kazaliwa 1963, wa Presteigne, kamji kadogo tu. 1986 Edinburgh alikuwa kwenye timu ya watu wanne. 2000 akabeba ubingwa wa dunia wa bowls ya ndani ya ukumbi, peke yake. 2006 Melbourne akafika fainali ya mmoja mmoja akapigwa na Kerkow wa Australia, wengi si wangestaafu hapo? Jamaa akarudi Delhi 2010 akamfunga Muaustralia mwingine, Selby, akachukua dhahabu. Na huu mchezo Olimpiki haupo, kwa hiyo Madola ndo kila kitu kwao, tena kwenye Madola Wales inaenda kama Wales, haijifichi nyuma ya Uingereza.

Mtoto_wa_Soweto: wazee kuviringisha mawe nao ni mchezo jamani 😂

Kona_ya_Uyole: @Mtoto_wa_Soweto we cheka tu. Tufe limechongwa upande mmoja tofauti makusudi, likipunguza mwendo ndo linaanza kukunja. Unalenga kijipira cheupe wanakiita jeki (sio ya gari), kiko mita kama 30 hivi, na mpinzani keshaziba njia, inabidi ulirushe pembeni kabisa lizunguke lirudi kama lori linavyokula kona za Kitonga. Nguvu ukizidisha kidogo limepita hilo. Ndo maana umri hauwasumbui sana

Mkinga_Mafinga: Nimemsomea babu yote. Kauliza huyo mtu Delhi alikuwa na miaka mingapi, nikamwambia 47, akasema mtoto huyo, lete tufe langu. Saa hizi yuko uani anafyeka majani, jeki tumeweka limau

Mtoto_wa_Soweto: 😂😂 mkuu tupia video basi