Tupeane uzoefu: zawadi za kuliwa, kunywewa na kufukizwa mpaka ziishe

Mkaazi wa Mkomani:
Asalaam aleikum wana jamvi. Nimetoka kwa wifi yangu hapa Mkomani, tumeshinda tukipanga vitu baada ya harusi ya binti yake. Seti za gilasi zimejaa mpaka ngazini, chupa za chai zimepandana, na mablanketi mazito yameletwa kwenye mji wa joto kama huu. Nyumba zetu za mawe za Lamu mnazijua: chumba kirefu lakini chembamba, kwa kuwa upana wake unafuata urefu wa boriti za mikoko. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, nazo zina sahani za tangu enzi za bibi. Bi harusi mwenyewe alikuwa amekaa kitandani anavitazama hajui aanzie wapi, na roho iliniuma.

Tupeane uzoefu basi. Nani ametoa au amepewa zawadi ya kutumika ikaisha, na ilipokewaje? Msitaje jina la kitu tu, tuelezeni mlivyoifanya.

Bint Kizingitini:
Waaleikum salaam dadangu. Mimi zawadi yangu ya harusi ni udi wa sukari, vijiti vya kufukizia vilivyopikwa na sukari, na napika mwenyewe. Vijiti navivunja vidogo. Nachemsha sukari na marashi ya mawaridi mpaka ishike uzi, namimina vijiti, nakoroga kwa moto mdogo hadi kila kijiti kivae sukari. Miski na mafuta ya udi natia nikishaepua, maana ukiyatia jikoni harufu yote inapanda na mvuke, unabaki na sukari tupu. Halafu naufunika siku kadhaa ushike.

Kopo liwe la mfuniko unaobana. Hewa yetu ya bahari ina unyevu, sukari ikipata upepo inatoa maji, udi unanata na kwenye chetezo, chombo cha makaa cha kufukizia, unaleta moshi kuliko harufu.

Binti mmoja nilimpa kopo la hivyo, akawa anafukiza nguo zake fungate nzima. Ulipoisha kopo likarudi kwangu na visheti ndani, kwani kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu. Nikalijaza tena udi Ramadhani ilipofika. Nampenda yule mtoto kwa lile tu.

Mama Wawili wa Malindi:
Habari zenu. Huku Malindi nazungumzia uzazi. Mtu akijifungua kila mgeni anakuja na gauni la kichanga, na mtoto miezi mitatu yuko nje ya gauni. Rafiki yangu alipozaa nilimpelekea kuku wa kienyeji ameshachinjwa na kukatwa vipande, unga wa mtama, na pilipili manga niliyoitwanga mwenyewe ya kutia kwenye uji. Mtungi wao wa gesi wa kilo 6 nikaupeleka kujazwa. Mzazi anakunywa uji wa pilipili manga kila asubuhi mpaka arobaini, na maji ya kuoga lazima yachemshwe, kwa hiyo gesi inakwenda mbio. Mkwewe alinishika mikono akaniombea dua pale pale mlangoni. Gauni sikupeleka na hakuna aliyeuliza.

Ami wa Langoni:
Nami niseme ya wazee. Ndugu yangu mkubwa ana sukari, na kila Idi watu wanamletea halua. Wanampenda, sikatai, lakini halua ni wanga, sukari na samli, na kwake inaishia kugawiwa watoto. Mimi namchukulia buni, tangawizi kavu na iliki. Anakaanga buni mwenyewe, anatwanga, anaitia kwenye deli, birika la kahawa, juu ya makaa, na baada ya alasiri wenziwe wanamkuta barazani wanakunywa kahawa chungu. Zawadi moja inanywewa na baraza zima. Mjue mtu anatumia nini kabla hamjafungua mfuko wa pesa. Hilo kwangu ndilo kubwa.

Mkaazi wa Mkomani:
Ahsante sana Ami. Na walio mbali je? Nina binti Nairobi, anakaa chumba kimoja.

Mtoto wa Shela:
Mimi ni huyo binti, ila wa mama mwingine! Mama yangu ananitumia maembe ya ngowe msimu wa kaskazi. Anayachuma yakiwa bado magumu, ndiyo kwanza yanageuka rangi, kila moja analikunja kwenye gazeti, anayapanga kikapuni. Yanavuka kwa boti mpaka Mokowe, kule bara, yanapakiwa basi, yakinifikia ninayaacha kidogo yaive. Ngowe haina nyuzi, unakula mpaka kokwa. Pamoja nayo huweka chupa ya samli na achari. Samli haihitaji friji, kwa mtu wa chumba kimoja hiyo ni neema. Kikapu nakirudisha na mtu anayekwenda nyumbani, nikitia majani ya chai ya Kericho anayoyapenda. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017, kikapu hicho hicho kinakwenda na kurudi.

Bi Mkubwa:
Wanangu, nawasikia, lakini siku ya harusi mtu anataka kitu cha kuweka. Mimi nina sinia niliyopewa na shangazi yangu, Mungu amrehemu, nikiitazama namkumbuka yeye. Achari ingekuwa imeshasahauliwa.

Bint Kizingitini:
Kweli Bi Mkubwa, na sinia ya shangazi haina mfano. Lakini shangazi ni mmoja. Sisi majirani mia tukileta sinia kila mtu yake, hata ile ya shangazi itapotea katikati. Tuwaachie watu wa karibu vitu vya kuweka, sisi wengine tulete vya kuisha.

Bi Mkubwa:
Hapo nimekuelewa mwanangu.

Mwana Gede:
Kwa asiye na kitu mfukoni, kuna kikuba, kishada cha maua cha kuvaa kifuani. Asmini zichumwe alasiri zikiwa bado zimefumba, zifungwe pamoja na rihani na kipande cha ua la mkadi. Usiku zinafunguka zikiwa kifuani mwa mwenyewe. Dada yangu alivifunga vya wageni wote wa kike kwenye akdi ya jirani, kesho yake vilikuwa vimekauka na kutupwa, na mpaka leo wanawake wa mtaa ule wanamwita awafungie.

Mkaazi wa Mkomani:
Mashallah. Bint Kizingitini, kabla sijasahau, nataka kuujaribu huo udi kwa wifi. Sukari natia kiasi gani?

Bint Kizingitini:
Isizidi vijiti, dadangu. Iwe ya kuvivalisha tu. Na sufuria tumia kuukuu, maana harufu ya miski haitoki tena, usije ukapikia wali.