Kibali cha kubomoa kabla pesa za kujenga hazijaonekana? Nyumba kongwe za Kisumu

Mpimaji:
Wadau, swali ni moja. Nyumba kongwe ya katikati ya Kisumu, ile ya veranda mbele na duka chini, mwenyewe apewe kibali cha kubomoa kabla hajaonyesha pesa za kujenga? Nasema asipewe. Tazameni Bunker Hill, kilima kilicho katikati ya Los Angeles, Marekani. Palijaa majumba ya mbao ya matajiri, baadaye yakawa hoteli za bei nafuu na vyumba vya kupanga. Mwaka 1959 mji ukaidhinisha mpango wa kusafisha kilima. Wapangaji wakaondolewa, nyumba zikaenda, na viwanja vingi vikabaki maegesho ya magari kwa miaka na miaka.

MwenyePloti:
Rahisi kusema kama reti (kodi ya ardhi) za kaunti hulipi wewe. Kodi ya duka moja haitoshi kubadilisha mabati, sembuse kuta. Mkitaka historia, ihamisheni mkaiweke kwingine.

FundiChokaa:
Hao wa Bunker Hill walijaribu, ndugu yangu. Nyumba mbili za mwisho zilihamishwa Machi 1969. Kufikia Oktoba zote mbili zilikuwa zimeteketezwa kwa moto, zikiwa hazina mtu ndani. Na hizo zilikuwa za mbao: unainua kwa jeki, unaingiza mihimili chini, unavuta. Ukuta wa mawe wa hapa ukiujeki utapasuka.

Halafu ufa si hukumu ya kubomoa. Penye udongo mweusi, ardhi huvimba kwa mvua na kunywea kiangazi, na gata (mfereji wa maji ya paa) iliyotoboka humwaga maji yote pembe moja ya msingi. Bandika plasta nyembamba ya jipsamu juu ya ufa, andika tarehe, subiri mvua ya masika ipite. Ikikatika, nyumba bado inasogea. Ikibaki nzima, tengeneza gata kwanza, ndipo uzibe ufa. Boriti zichome kwa bisibisi pale zinapoingia ukutani; ikizama bila nguvu, mchwa wamekula.

Kosa kubwa ni kupaka simenti juu ya ukuta uliojengwa kwa chokaa. Unyevu unakosa njia ya kutoka, chumvi inasukuma, uso wa tofali unabanduka kama maganda. Tumia chokaa 1 kwa mchanga 3, na uweke magunia mabichi siku kadhaa isikauke haraka. Jua la Kisumu halina huruma.

Mpimaji:
Na kurudisha kitu si kukirudisha kilivyokuwa. Angels Flight, kireli cha kupandia kilima cha Bunker Hill, kilifunguliwa Desemba 1901, mwezi uleule reli yetu ilipofika Port Florence, jina la zamani la Kisumu. Kikang'olewa 1969 kwa ahadi ya kurudi. Kikarudi 1996, nusu mtaa kusini. Zamani vibehewa viwili vilifungwa kebo moja, kimoja kikisawazisha uzito wa mwenzake. Mtambo mpya ulikipa kila kibehewa kebo yake na ngoma yake ya kuizungushia. Februari 2001 gia ikaachia, kibehewa kikateremka chenyewe, mtu mmoja akafa.

MwenyePloti:
Sawa, mabwana. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inaruhusu jengo la umri wowote kutangazwa mnara wa kumbukumbu, yaani turathi inayolindwa kisheria. Litangazeni. Ila tangazo la gazeti la serikali haliji na gunia hata moja la chokaa, na gata itabaki kunidai mimi.