Kwizi ya baa: ukijibu sahihi unakosa pointi, ukikosea kama karatasi yao unakula mbuzi

Wakuu habari za muda huu. Hii kitu nimekaa nayo rohoni tangu Ijumaa usiku nikasema niache yapite, imeshindikana, leo acha niteme nyongo.

Kuna baa moja hapa Dar, jina naliweka kapuni, kila Ijumaa wanaendesha kwizi ya maswali ya jumla, jiografia, misosi, muziki, muvi, vitu vya hivyo. Timu watu wanne, kiingilio buku kumi kwa kichwa, maswali 30, washindi wanaondoka na mbuzi mzima wa kuchoma na kreti mbili. Tukajipanga, mimi, jamaa yangu wa ofisini, mshkaji mmoja mtoto wa Unguja, na dada mmoja mwalimu wa jiografia sekondari ambaye sisi wote tunamwita Madam. Mkimaliza kuandika mnabadilishana karatasi na meza ya jirani, emsii anasoma majibu kwenye maiki nyie mnasahihisha. Kumbukeni hiyo ya kubadilishana karatasi maana ndo iliyoniua.

Swali la nne: nchi kubwa kuliko zote Afrika kwa eneo. Madam hata hakufikiri, kaandika Algeria. Emsii anasoma jibu, "Sudan!" Nikadhani anatania. Wakuu, Sudan ilikuwa ya kwanza mpaka Julai 2011, Sudan Kusini ilipojitenga ikaondoka na kipande chake, tangu hapo Algeria ndo ya kwanza, Kongo ya Kinshasa ya pili, Sudan ya tatu. Hii siyo habari ya jana, watoto waliozaliwa mwaka ule sasa hivi wana simu na akaunti za TikTok. Madam akasimama kwa adabu kabisa akaeleza, anajibiwa kwenye maiki, "Madam tusianze darasa hapa, jibu la kwenye karatasi ndo jibu." Ukumbi mzima ukacheka. Na mimi mbele yangu nina karatasi ya meza ya jirani, wameandika Sudan, nikaweka vema kwa mkono wangu mwenyewe. Roho iliuma nyie.

Swali la tisa, piza ya nanasi, ile wanaita Hawaiian, ilianzia nchi gani. Hili nilikuwa nalijua mimi, Kanada, mwaka 1962, alikuwa Mgiriki mmoja mhamiaji anaitwa Sam Panopoulos, alikuwa na mgahawa Ontario, akajaribu kumwagia nanasi la kopo juu ya piza, watu wakapenda. Jina la Hawaiian lenyewe lilitokana na chapa ya hilo kopo la nanasi. Emsii: "Marekani, Hawaii, jina lenyewe linajieleza!" Linajieleza nini kaka? Kwa hiyo chapati maji inatoka ziwani? Nikanyoosha mkono, nikaonekana mlevi tu.

Basi tukafika la kumi na saba, Freddie Mercury wa Queen alizaliwa wapi. Mshkaji wa Unguja akacheka peke yake, akasema hili tumeletewa kama zawadi. Jamaa kazaliwa Zanzibar, Mji Mkongwe, Septemba 1946, jina lake la nyumbani Farrokh Bulsara, familia yake wakaondoka kwenda Uingereza mwaka 1964 baada ya mapinduzi. Pale Shangani kuna mpaka makumbusho yake, watalii wanapiga picha mlangoni kutwa. Karatasi ya emsii inasema India. Nadhani walichanganya kwa sababu asili ya wazazi wake ni Waparsi wa India na yeye mwenyewe alisoma bweni huko, lakini swali ni alizaliwa wapi! Mshkaji kaenda mpaka mbele na simu, kafungua ukurasa, kamwonyesha. Emsii hata hakuitazama skrini, kasema simu haziruhusiwi ukumbini na tukirudia tunakatwa pointi. Yaani uko Tanzania, unaambiwa na Mtanzania kwamba huyu siyo wa kwetu.

La karafuu sasa ndo walikosea kwa upande wa pili, yaani kwenye kutupa visivyo vyetu. "Zao la karafuu asili yake ni wapi?" Jibu lao Zanzibar. Yule yule mshkaji, babu yake ana mikarafuu Pemba, ndiye aliyetuambia tuandike Indonesia, visiwa vya Maluku. Zanzibar ililetwa tu karne ya 19, Sayyid Said akahimiza watu wapande, mpaka tukawa tunauzia dunia nzima, halafu kimbunga cha 1872 kikang'oa mikarafuu ya Unguja ndo Pemba ikashika usukani. Hata leo wanaolima nyingi zaidi ni hao hao Waindonesia, na sehemu kubwa wanaivuta wenyewe kwenye sigara zao. Mtu wa karafuu kabisa kabisa anakosa pointi ya karafuu. Alikaa kimya mpaka mwisho, soda yake hakuigusa.

Sisemi tulipata yote. Swali la lugha wanayoongea Wakanda kwenye Black Panther niliwaponza mimi, nikakomaa ni Kizulu, kumbe Kixhosa. Hilo nakubali, tulikosea kihalali.

Matokeo: sisi 21, meza ya jirani 23. Sasa pigeni hesabu na mimi. Yale manne tuliyonyimwa ukiturudishia tunafika 25. Wao walipewa vema kwa Sudan, Hawaii na Zanzibar, la Freddie waliandika Uingereza wakakosa kama kawaida, kwa hiyo ukiwatoa hizo tatu wanabaki na 20. Najua kwa sababu karatasi yao niliisahihisha mimi. Tumeshinda kwa pointi tano tukatazama mbuzi wetu akipita na kachumbari kwenda meza nyingine.

Na wale jirani sina ugomvi nao, hata nyama walitukaribisha, Madam tu ndo aligoma kula.

Kesho yake nikawaandikia meseji kistaarabu, nikaeleza moja moja. Jibu lililorudi: "Asante kwa kutuunga mkono, karibu tena" na kimoji cha glasi mbili. Ni wazi maswali mengine kaokota mahali yakiwa ya kabla ya 2011, akayapiga chapa bila kusoma, halafu anakaza fuvu kwa sababu kashika maiki. Buku arobaini za watu hizo.

Kwa walioniuliza PM kama tutarudi: mimi sirudi, mshkaji wa Unguja kaapa hatii mguu. Madam kashalipia ya Ijumaa hii, na kasema simu ataiacha nyumbani, anaingia na atlasi.